Saa Sita Zilizopotea Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 8 Juni 1998
Hili sijamwambia mtu, hata Kasyoka tunayelala naye kitanda kimoja, yeye juu mimi chini: ni mimi niliyeiharibu. Si kompyuta nzima! Ni ile ya ndani. Madam Bilha aliweka programu inayoigiza kompyuta ya pili ndani ya hii moja tuliyo nayo, ili Kidato cha Kwanza waharibu ya uongo, ya kweli ibaki salama. Jumamosi nikaona saa ya kompyuta ya ndani inasema 10, na kila mtu anajua ni saa nne. Nikaingia kwenye kernel, moyo wenyewe wa mashine, nikaandika: toa sita. Tangu hapo ikiwashwa inaganda.

Leo paredi Madam ametangaza: atakayeitengeneza atatunza ufunguo wa chumba cha kompyuta mpaka amalize shule. Ufunguo! Mimi ninayetetemeka hata kuomba chaki. Kutengeneza nilichoharibu mwenyewe, kuna shida gani?

Jumanne
Evanson Gicheru amenitangulia. Babake ana duka barabarani Kambu, basi anajiona injinia. Aliiwasha saa nne, akabonyeza kila kitu, akapuliza vumbi. Wapi! Nilipoomba zamu akaniambia msichana wa Kanyangi arudi kwao akapepete ndengu. Jibu zuri lilinijia nikioga. Saa kumi, Evanson akila mandazi, ya ndani ikaamka yenyewe! Akadai ni yeye. Madam akasema akirudia kesho mbele ya darasa, ufunguo ni wake.

Nimelia kidogo chooni. Halafu nikapiga hesabu. Saa nne mpaka saa kumi ni saa sita. Haikufa! Iliambiwa ingoje saa ya kuwashwa, 10, ipite kidogo tu, nami saa yake nilikuwa nimeirudisha 4. Ikakaa ikingoja, mtiifu kuliko mimi. Nimeligundua peke yangu. Mimi ni moto!

Jumatano
Evanson akabonyeza. Akapuliza. Mulei wa dawati la nyuma akauliza kama amekuja kuombea mgonjwa. Nikainua mkono. Lakini mstari wangu una jina langu, nililiandika Jumamosi kwa kujivuna. Nikiufuta wakiangalia? Nikaenda mahali pengine humo ndani ya kernel, nikaandika: ongeza sita. Ikaamka papo hapo! Makofi! Ufunguo uko shingoni mwangu kwa uzi.

Alhamisi
Madam amesoma kernel mstari kwa mstari. Akaniita ofisini, akauliza nani alitoa sita. Nikasema labda ni hitilafu ya kawaida. Akauliza tangu lini hitilafu inaitwa Kalunde Ndululu. Ufunguo amepewa Evanson! Mimi nifagie chumba cha kompyuta kila siku mpaka tufunge shule. Akanifutisha mistari yote miwili, kisha akasema, bila kucheka, kwamba kugundua ile ya kungoja ni kazi nzuri. Nzuri! Nimeliandika neno hilo mkononi kwa biro.

Ijumaa, saa ya chakula
Evanson sasa atanifungulia mlango kila siku kama askari wangu wa geti. Sasa ameenda kula. Nimefagia dakika mbili. Nimeona jambo. Ya ndani inahesabu Jumatatu kuwa siku ya 1. Ya kwanza! Na jina lenyewe lina tatu, hata mtoto wa nasari anajua. Hili si kosa langu, ni lao, na wa kulirekebisha yuko hapa na fagio. Nimeongeza mbili. Safari hii sikuandika jina, nimeweka K. tu.

Viatu vya visigino, vinakuja huku. Madam! Karatasi hii naificha chini ya kibod