Jasi ya Modogashe Imenivua Nguo

Leo nimevuliwa nguo na jiwe. Mchana kweupe, mbele ya wazee, mbele ya akina mama, na simu ikirekodi. Acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Kwa msiojua ninachosomea: natafiti jasi. Ni jiwe jeupe, laini, ambalo ukilichoma na kulisaga unapata unga wa plasta. Unga huo ukiutia maji unakuwa uji, na uji ukikaa unaganda, unarudi kuwa jiwe. Ndiyo shahada yangu yote ya uzamili hiyo. (Mama yangu huuliza kwa nini nisiliache tu jiwe lilivyokuwa.)

Niko Modogashe na Dekow, tunayesoma naye chuoni, mzaliwa wa hapa hapa. Tumekuja kuwaomba wazee ruhusa ya kujenga tanuru dogo la majaribio karibu na machimbo ya jasi. Kuna kikundi cha akina mama kinachotaka kutengeneza mbao za dari kwa plasta hiyo na kuziuza hadi Garissa na Isiolo. Shida ni moja. Watafiti wamewahi kufika hapa kabla yetu, wakajaza mawe kwenye magari, wakaahidi kurudi na majibu. Hadi leo wanangojewa. Kwa hiyo mkutano wa leo ulikuwa wa kufa na kupona: tuwaonyeshe plasta ikiganda mbele ya macho yao, au tufungashe.

Asubuhi tulienda machimboni kuchukua sampuli. Nikachuchumaa kuokota jiwe zuri. Suruali ikachanika. Haikuchanika kidogo, jamani. Ilipasuka kutoka mbele hadi nyuma, kwa sauti, hadi ngamia aliyekuwa akila miba akageuka kuniangalia.

"Vaa nyingine," Dekow akasema.

"Nyingine niliiacha Garissa." (Nilijiona mjanja wa kusafiri na mzigo mwepesi.)

Dekow akafungua begi lake, akatoa maawis. Ni lile shuka lililoshonwa duara ambalo wanaume wa huku huvaa kiunoni. Nzuri sana, ya buluu na mistari ya dhahabu. Mjomba wake alimletea kutoka Jidda.

"Naifungaje?"

"Unakunja hivi, unavuta hivi, unasokota hapa juu. Basi. Sisi hucheza mpira nayo."

"Na ikifunguka?"

"Wallahi, haijawahi kumfungukia mtu mzima."

Mkutano ulifanyika kwenye kibanda cha mabati cha kile kikundi. Wazee wamekaa mbele, kwenye viti vya plastiki. Akina mama wamekaa kwenye mikeka, upande wa pili. Mimi katikati, na fremu yangu ya mbao chini, tayari kumiminiwa plasta. Dekow akasimama pembeni na simu, arekodi kila kitu ili msimamizi wetu Nairobi aone.

Mwenyekiti wa wazee ni Adeer Bishar. (Adeer ni ami kwa Kisomali, ndivyo wazee wanavyoitwa huku.) Ndevu nyekundu kwa hina, bakora mkononi, na macho ya mtu ambaye ameshadanganywa na anakumbuka. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye maawis, akarudi kichwani.

"Kijana," akasema, "ile brofesa ya kwanza pia iliongea fizuri. Sisi hatutaki maneno. Onyesha hiyo blasta."

Nikaanza. Mama Habiba, kiongozi wa kikundi, akaniletea maji ya kisima kwa jerikeni. Nikamimina kwenye karai unga tuliokuja nao kutoka Nairobi, nikatia maji, nikakoroga mpaka ukawa uji mzito, nikaujaza kwenye fremu. Kisha nikachuchumaa kando yake kwa madaha, nikaanza somo.

"Msiwe na haraka," nikawaambia. "Plasta hii inaganda polepole. Katikati mnaweza hata kunywa chai."

Nilisema hivyo kwa sababu kwenye maabara Nairobi plasta ya jasi hii ilichelewa sana kuganda. Nilikuwa nikiisubiri huku nasinzia. Basi nikaongea bila wasiwasi. Nikaeleza jinsi jasi inavyoota vijisindano vidogo visivyoonekana kwa macho, na jinsi vijisindano hivyo vinavyoshikana kama watu walioshikana mikono. Nilikuwa motomoto. Mama Habiba alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Hata Adeer Bishar alikuwa amesogeza kiti.

Katikati ya vijisindano, nikasikia joto magotini. Nikalipuuza. (Huku joto ni jambo la kushtukia kweli?)

"Kijana," Adeer Bishar akasema, "simama. Hawa wa nyuma hawasikii."

Nikasimama. Kwa nguvu, kifua mbele, kama mhadhiri.

Maawis haikusimama.

Kwanza sikuelewa. Nilichohisi ni upepo. Nikaangalia chini. Pindo la mbele la maawis lilikuwa limeingia kwenye fremu muda wote nilipokuwa nimechuchumaa, na plasta ilikuwa imeganda. Imeganda! Shuka lote limelala pale chini kama bendera iliyoshushwa, na mimi nimesimama mbele ya wazee wa Modogashe nikiwa na bukta ya rangi ya waridi yenye picha za ndizi. (Zawadi ya dada yangu. Alisema hakuna atakayeiona.)

Sasa, mtu mwenye akili angekimbia nje. Mimi niliinama kuvuta maawis kwa mikono miwili. Nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena, nikiwa nimewaelekea wazee kwa adabu zote. Ndipo nikakumbuka kwamba akina mama walikuwa nyuma yangu.

"Astaghfirullah!" Adeer Bishar akafunika uso kwa kiganja. (Vidole vilikuwa vimeachana. Niliona jicho.)

Nyuma yangu nikasikia mlio kama wa birika linaloanza kuchemka. Nikageuka. Akina mama wote wamejifunika nyuso kwa shela zao, na mabega yanatetemeka. Mama Habiba alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka. Dekow, rafiki yangu wa dhati, alikuwa analia machozi, lakini simu haikutikisika hata kidogo.

Adeer Bishar akavua shali lake begani akanirushia. Nikajifunga hadi kifuani kama mtu anayetoka kuoga. Na hapo ndipo akili iliponirudia, ikiwa imechelewa. Maji! Maji ya kisima cha hapa yana chumvi. Nimeyalalamikia kwenye chai tangu nifike. Na chumvi huharakisha plasta kuganda, na plasta ikiganda hutoa joto, lile lile la magotini. Hilo nalijua, jamani! Liko kwenye pendekezo langu la utafiti. Nimeliandika mwenyewe na nikapigiwa makofi. Maabarani tulitumia maji safi, yasiyo na chochote, ndiyo maana nilikuwa nasinzia.

Adeer Bishar akainuka. Nikajua basi, tunafukuzwa. Akaiendea fremu, akawaita wanaume wawili waivute maawis. Wakavuta. Fremu ikainuka pamoja na shuka, ikaning'inia, ikawaponyoka, ikaanguka chini kwa kishindo. Plasta haikupasuka. Mzee akaigonga kwa bakora. Ko! Akaigonga tena. Akainama, akakwaruza kwa ukucha.

"Imeshika," akasema.

"Imeshika, adeer," nikajibu kutoka ndani ya shali.

"Hii si maneno ya brofesa. Hii imeshika nguo ya mtu."

Mama Habiba akakaa, akajifuta machozi. "Sasa ikishika haraka hivi, si tutatoa mbao nyingi kwa siku?"

Nikamweleza habari ya chumvi, na kwamba tutatafuta namna ya kuipunguza kasi kidogo, isiwe inamgandia mtu akiwa bado anamimina. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani haya maji yetu mabaya ni mazuri?"

"Kwa plasta tu, mama. Kwa chai bado."

Hapo kibanda chote kikalipuka. Hakuna aliyejifunika tena. Wazee walicheka hadi kiti kimoja kikavunjika mguu. Walipotulia wakasogeleana, wakanong'onezana Kisomali kitambo, mimi nikikaza shali. Kisha Adeer Bishar akapiga bakora chini.

"Tanuru mtajenga," akasema. "Wale wengine walikuja wakaondoka na mali yetu. Wewe ndiye wa kwanza kuja ukaacha yako."

Nilitaka kumkumbatia. Nikakumbuka nilivyovaa, nikampa mkono.

Jioni hii Dekow amemtumia msimamizi wetu video, yote, bila kukata. Jibu limeingia sasa hivi: "Matokeo yanatia moyo sana. Rudia jaribio ukiwa umevaa."

Hilo naweza kuvumilia. Kinachoniuma ni jina. Nilipoenda kununua maziwa dukani, mwenye duka akanipokea kwa furaha: "Karibu, Maawislaawe!" Nikamuuliza Dekow maana yake.

"Asiye na maawis," akasema. "Zoea tu. Huku jina la utani likishakupata halitoki. Babu yangu aliwahi kufukuzwa na mbuni mara moja tu, ujanani. Hadi leo ukoo wetu wote unaitwa kina Mbuni."

Kwa hiyo tafadhali, msicheke. Siombi kwa ajili yangu, mimi nimeshakwisha. Nawaombea wajukuu wangu, kina Maawislaawe.