Maharage Arobaini Yaliyopigwa Picha

Jumatatu, 24 Februari 2025

Redio imesema wataalamu wanabishana: mionzi kidogo sana inadhuru mwili, au inauamsha? Nimeacha uji ukapoa. Kama inaamsha mwili, je, mbegu? Mama mkwe Theodosia ametuletea kutoka Busunzu mbegu arobaini za maharage yanayotambaa. Mke wangu Generosa amesema zikinifia kama za mwaka jana, shamba la bondeni atalima jirani yetu Felisiani. Felisiani! Mtu anayepiga miluzi akipalilia!

Jumatano, 26 Februari

Nimezitoa mbegu kwenye majivu, nimeziosha (picha ya eksirei inataka usafi), nimezishonea ndani ya fulana. Kituo cha afya nikakohoa kwa ustadi. Elieth, dada wa eksirei, akataka nivue. Nikasema baridi ya Kasulu itaniua. Picha ikatoka: mapafu yangu, na vidoa arobaini! Daktari akaitwa. Akaanza kuniandikia rufaa ya Kigoma mjini. Nikakiri.

Elieth hakucheka. Alisema chembe hai ikiguswa na mionzi hujirekebisha, ila mara mojamoja hujirekebisha vibaya, ndiyo maana mtu hapigwi picha bila sababu. Nikauliza kama chembe za harage nazo hujirekebisha. Akanionyesha mlango. Swali lilikuwa zuri.

Alhamisi, 27 Februari

Ole wangu! Generosa amefua fulana. Kakuta maharage. Yenye majivu ni mbegu, safi ni mboga. Kila mtu huku anajua hilo. Kayapika na ndizi. Nilikuwa kwenye sahani ya pili aliponiambia. Nimekimbia kwa Elieth kuuliza kama nitang'aa. Amesema mionzi haibaki ndani ya harage, kama mwanga wa tochi usivyobaki ukutani ukiizima. Nimefarijika. Nimesikitika pia kidogo.

Generosa alipojua zilikuwa mbegu za mama yake, alijifunga kanga akaelekea kwa Felisiani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Felisiani analima bondeni. Miluzi mpaka huku. Imeniuma, sifichi. Lakini leo nimepanda kilima cha sokoni bila kuhema, mara ya kwanza maishani! Ni yale maharage, hakuna kingine. Kosa langu lilikuwa moja tu: dozi ndogo mno.

Felisiani amenihurumia, kanipa mbegu sitini. Nimeshaziosha. Jumatatu, kwa Elieth, goti litaniuma sana.