Kutozwa Ng'ombe kwa Hisa Zisizouzika

Tadei, mtoto wa marehemu mdogo wako,
Mjimwema, Songea.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Baba Mkubwa Joachim, Mwalimu Mstaafu,
Msamala, Songea.

YAH: KUPINGA KUPANDISHWA DARAJA LA KWANZA LA MICHANGO

Ndugu Mwenyekiti na Baba yangu Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia, ingawa kutoka kwangu mpaka kwako ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, kwa sababu kwenye kikao kilichopita kila nilipofungua mdomo niliambiwa nikae chini, matajiri watasema mwishoni. Mwisho ulipofika chai ilikuwa imeshaletwa, na hakuna aliyetaka kusikia neno. Nimeona nitumie karatasi, maana yenyewe haiwezi kuambiwa ikae chini.

Kwa faida ya wajumbe waliokuwa wamesinzia, nakumbusha kilichoamuliwa. Ukoo utajenga kaburi la Babu kwa saruji na vigae, na siku ya misa ya kumbukumbu watu watalishwa. Michango imegawanywa kama desturi yetu ilivyo: daraja la tatu wanatoa kuni na nguvu zao, daraja la pili wanatoa mchele na mafuta, daraja la kwanza linatoa ng'ombe. Mimi tangu nianze kujitegemea nimekuwa daraja la pili, na sijawahi kuchelewesha hata kijiko cha mafuta. Safari hii nimepandishwa daraja la kwanza peke yangu, kwa hoja kwamba kampuni imenipa hisa. Na nisipotoa ng'ombe kabla ya misa, ukoo hautakalia kikao chochote cha nyumba yangu, kiwe cha heri au cha msiba.

Kwa heshima zote anazostahili mwalimu aliyenifundisha hesabu za kutoa, naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Kuhusu chanzo cha habari. Mke wangu Verediana alisimama kwenye jumuiya akatoa kuku wa shukrani, akamshukuru Mungu kwa kuwa mume wake amepewa hisa kazini. Ni kawaida yetu watu wa jumuiya kushukuru mapema, ili Mungu aone aibu kurudi nyuma. Shangazi Walburga, Katibu wa Ukoo, alikuwa amekaa karibu na mlango. Kabla kuku hajafungwa miguu sawasawa, habari ilikuwa imefika Msamala, na mimi nimekuwa mwenye kampuni. Nauliza: tangu lini sadaka ya mtu ikawa tamko la mali yake? Siku hizi wanajumuiya wenzetu wanatoa shukrani kwa kunong'ona. Mama mmoja aliyepona malaria juzi hakusema lolote, kwa kuogopa kwamba afya nayo itapangiwa daraja.

2. Kuhusu hizo hisa zenyewe, ambazo hakuna mjumbe aliyeomba kuziona. Kampuni yetu inauza pampu za maji zinazotumia umeme wa jua kwa wakulima, kuanzia Namtumbo mpaka Mbesa, na mimi ni fundi. Mwaka jana tuliomba nyongeza ya mshahara. Mkurugenzi akaja kutoka Dar es Salaam na soda na karatasi. Soda tulikunywa. Karatasi inasema, kwa lugha ya kistaarabu sana, kwamba nikivumilia miaka minne bila kuacha kazi wala kufukuzwa, nitaruhusiwa kununua hisa, kwa fedha yangu mwenyewe, kwa bei ya siku ile tuliyokunywa soda. Naomba wajumbe wayarudie maneno hayo polepole: nitaruhusiwa kununua. Na nikishanunua, siwezi kuziuza mpaka kampuni ipate mnunuzi au iingie kwenye soko la hisa. Nilimuuliza mhasibu wetu, Muhsini, hiyo itakuwa lini. Alicheka mpaka akavua miwani. Baba Mkubwa, mtu aliyeruhusiwa kununua suruali baada ya miaka minne, leo hana suruali.

Huyo huyo Muhsini ananiambia ziko nchi ambako mfanyakazi hutozwa kodi kwa hisa kama hizi kabla hajaziuza. Halafu bei inaporomoka, na yeye anabaki analipia faida ambayo hakuiona hata kupitia dirishani. Niliwahurumia sana hao watu wa mbali. Sikujua kwamba mabingwa wa kodi hiyo tunao hapa hapa Msamala, tena wanakutana kwenye mkeka na kuomba chumvi ya kutia kwenye mihogo.

3. Shangazi Walburga alitetea uamuzi kwa kusema dalili ya mvua ni mawingu, na wajumbe wakapiga makofi. Ni kweli. Lakini sijawahi kumwona mkulima wa Songea akipeleka mawingu kwenye mashine ya kusaga. Wahenga hao hao walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Ninyi mmekata kanzu, mmeivaa wenyewe, na sasa mnamdai mtoto pesa ya fundi.

4. Kuhusu ndugu yangu Eric, ambaye kwa bahati ni mwanao wa kumzaa. Eric ana Fuso mbili za kubebea mahindi. Zinaonekana, zinanguruma, na moja iliwahi kuangusha uzio wa kanisa mchana kweupe. Ana duka la vipuri pale stendi. Lakini Fuso zimeandikwa jina la mkewe, duka jina la shemeji yake, na yeye huja kikaoni na koti lililochanika kwapani, kichwa amekilaza upande kama anaumwa jino. Kila akiulizwa habari anajibu, "Hali ngumu, baba, tunasukuma tu siku." Kikao kikamwonea huruma, kikampa daraja la tatu. Ataleta kuni. Na kuni zenyewe, nina hakika, zitakuja kwa Fuso.

5. Sheria ni msumeno. Kama ukoo umekubaliana kutoza kitu ambacho hakijapatikana, basi msumeno ukate pande zote, na mimi niko tayari kuushika upande mmoja. Napendekeza tuanze na shamba lako la Namtumbo. Wataalamu wa madini walipita pale, wakachimba vishimo, wakapigilia vigingi, wakaondoka bila kuaga. Wewe mwenyewe umetuambia kila Krismasi kwamba chini ya ile migomba kuna utajiri wa kutisha. Kwa utajiri wa kutisha nadhani ng'ombe wawili hawatakuwa wengi. Kisha twende kwa Shangazi Walburga, ambaye mwanae Remmy yuko seminari na mama yake anamwita Baba Askofu tangu kidato cha kwanza. Uwezo wa askofu tunaujua, na atozwe kiaskofu. Dada yetu Rosemary ni mjamzito, na kwa ukubwa wa tumbo wanawake wanasema ni mapacha. Kila pacha anaweza kuwa daktari. Nashauri watozwe sasa hivi, wakiwa bado wametulia. Eric naye upo uwezekano kwamba siku moja atasema kweli, lakini huo tuusamehe, ni mdogo mno kutozeka.

6. Tukifika hapo hatuwezi kusimama. Sisi sote kwenye ukoo huu tumebatizwa na tumeahidiwa uzima wa milele. Hakuna hisa kubwa kuliko hiyo, na masharti yake yanafanana sana na ya mkurugenzi wetu: uvumilie mpaka mwisho, usiache, usifukuzwe. Kwa hesabu ya kikao chenu, kila mbatizwa ni daraja la kwanza, hata huyu wa kuni. Na mtu pekee katika ukoo ambaye tunaamini amekwisha kuipokea faida yake mkononi ni Babu. Maana yake, mwenye uwezo halisi wa kugharamia lile kaburi ni mwenye kaburi. Sisemi aitwe kikaoni. Nasema tu kwamba hesabu zenu zimefika kwake, na aibu ni yenu.

7. Hapa naacha mzaha. Ng'ombe niliye naye ni mmoja, jike la maziwa. Mnamjua, maana mmekunywa chai yake kila mlipopita kwangu, na hakuna aliyekunywa kikombe kimoja. Maziwa hayo ndiyo ada ya binti yangu mdogo aliye chuo cha uuguzi. Ng'ombe akitoka, mtoto anarudi nyumbani na sare yake. Juzi asubuhi nilimkuta Verediana zizini ameegemea ubavu wa yule ng'ombe, ndoo tupu iko chini. Hakuwa analia. Alisema tu, "Kumbe kuku wangu ndiye aliyemwita mchinjaji." Baba Mkubwa, niliumia, na bado naumia. Mke wangu alimshukuru Mungu kwa moyo mweupe, na ukoo wa mume wake umemfanya ajute kushukuru. Kama kuna dhambi katika habari hii yote ni hiyo, na wala haihitaji mtaalamu wa hisa kuiona.

8. Nilikuuliza mlangoni baada ya kikao: je, kampuni ikifa na zile karatasi zikawa za kufungia maandazi, nitarudishiwa ng'ombe? Ulinijibu kwamba ukoo hauna utaratibu wa kurudisha nyama. Jibu zuri. Basi faida yangu ni ya ukoo wote kabla haijazaliwa, na hasara yangu ni ya kwangu peke yangu hata ikishazikwa. Mwalimu, ulipokuwa darasani ungenichapa kwa hesabu ya namna hiyo.

9. Hata hivyo mimi si mkaidi, na nampenda Babu. Kwa hiyo natoa pendekezo. Ng'ombe nitatoa, ila kwa utaratibu ule ule ambao mimi nimepewa utajiri wangu. Nitauandikia ukoo karatasi nzuri, yenye muhuri wa duka la Eric kama hataona tabu, kwamba wajumbe watakaovumilia miaka minne bila kuacha ukoo wala kufukuzwa wataruhusiwa kununua ng'ombe kwangu, kwa fedha yao, kwa bei ya leo, mradi ng'ombe huyo awe amepatikana. Siku ya misa karatasi itandikwe mezani kati ya mchele na bakuli za kachumbari. Wageni waelezwe kwamba wamekula nyama. Padri aibariki. Watakaobaki na njaa waambiwe dalili ya mvua ni mawingu, na Shangazi Walburga awe karibu kuwapigia makofi. Kama karatasi inatosha kunifanya mimi tajiri, sioni kwa nini isitoshe kuwashibisha wengine.

Pendekezo hili likikataliwa, itakuwa ukoo wenyewe umekiri kwamba karatasi si nyama, hisa isiyouzika si mali, na mtu asitozwe kwa kitu ambacho hakijamfikia mkononi. Huo ndio msimamo wangu. Nitausimamia mbele ya kikao, mbele ya paroko, na ikibidi mbele ya Babu mwenyewe siku tutakapoonana. Naomba nirudishwe daraja la pili, na mchele wangu uko tayari, umepepetwa.

Naomba unisalimie Mama Mkubwa, mgongo wake upate nafuu. Msalimie Shangazi Walburga, na umwambie kiti chake cha karibu na mlango jumuiyani bado kipo. Wasalimie watoto wa Eric, na Fuso zote mbili. Msalimie Rosemary na hao madaktari wake. Wajumbe wote niwakute salama.

Ni mimi mwanao nikutiiye katika mambo yote yanayoonekana kwa macho,

Tadei
Fundi wa pampu, daraja la pili

Nyongeza: Nilikuwa karibu kusahau. Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, ugeni wa posa ya binti yangu mkubwa Brigita unakuja, na bila wewe hakuna wa kuukalia. Nakuomba sana uje na Shangazi, haya mengine tuyaweke pembeni. Kijana anaitwa Oswald, fundi mwenzangu wa pampu, wa tawi la Mbesa. Mshenga wake ameanza kutuzungusha, eti kijana hana kitu, tumwonee huruma kwenye mahari. Msidanganyike. Huyo ana hisa za kampuni kama zangu, tena nimeichungulia karatasi yake, zinazidi zangu mara mbili. Ni tajiri kabisa. Naomba umkadirie mahari kwa hizo hisa, usishuke chini ya ng'ombe sita, na akianza kukueleza kwamba hazinunuliki mpaka miaka minne wala haziuziki, mkatize. Hizo ni lugha za watu wabahili. Na tafadhali, ng'ombe waje wakiwa wanatembea. Karatasi tusipokee.