Gari la Shangazi Linawaza Kabla ya Kukata Kona

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua ugonjwa wa gari la Shangazi. Linawaza. Nakata usukani kulia, lenyewe linakaa kwanza, linatafakari, ndipo pua inageuka. Kama mtu aliyeitwa akiwa na chakula mdomoni. Wengine wangezoea. Mimi si wengine. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kichwa sikukiacha huko.

Nimemwambia Konokono. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi, tunapokezana kusambaza keki za mama yake mjini. Anaendesha kama amebeba mgonjwa. Akasema gari ni zima, kasoro imekaa nyuma ya usukani. Nikamwambia kwa kobe kila gari lina mbio.

Sasa, lililo kubwa. Jumamosi kuna keki ya harusi ya ghorofa tatu. Shangazi ametangaza jikoni, mwiko mkononi, kwamba atakayeipeleka ndiye atakayeachiwa ufunguo moja kwa moja. Mwingine atabaki kupiga mayai. Ijumaa atatupima kwa beseni, kama alivyompima marehemu mume wake kabla ya kukubali posa. Anakaa kiti cha mbele, anapakata beseni la maji, unazunguka mtaa. Yakimwagika, umekwisha.

Nitaliponya gari. Konokono apige mayai.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na upepo. Fundi wa matairi alikuta matairi ya mbele yana paundi ishirini na nne. Akasema gari la mitaani kama hili liwe na thelathini na mbili. Nikawaza: kama thelathini na mbili ni dawa, arobaini na tano ni dawa zaidi. Nikangoja ageuke.

Kweli, pua imechangamka kidogo. Nikataka kujua kwa nini. Nilichuchumaa kando ya barabara nikilibonyeza tairi kwa dole gumba nusu saa nzima. Nadhani tairi laini linajikunja lenyewe kwanza, ndipo linakumbuka kulisukuma gari. Mpita njia akauliza linauma wapi.

Ubaya ni matuta. Keki ya mtoto anayetimiza miaka mitano ilifika na maua yote upande mmoja. Nikamweleza mama mtu kuwa ndio mtindo mpya. Akampigia simu Shangazi. Shangazi akaniamuru nipunguze upepo, akasimama pale pale mikono kiunoni mpaka ukafika thelathini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Spana, mwenye gereji ya pale kona. Aliniambia, mwanangu, magurudumu ya mbele ni kama miguu. Vidole vikitazamana ndani, gari linatulia njia iliyonyooka. Vikitazama nje kama vya bata, linawahi kona. Kisha akaanza kusema kitu kuhusu matairi kulika upande na gari kuyumbayumba, na kwamba la mjini ni afadhali liachwe miguu yake imenyooka. Hapo nilikuwa nimeshafika mlangoni, natafuta kamba.

Chini ya gari kuna vyuma viwili virefu, tairodi, kimoja kila upande, ndivyo vinavyosukuma magurudumu. Nilijilaza katikati, nikavizungusha vyote kuelekea upande uleule, mara mbili kila kimoja. Haki sawa. Nikapima kwa kamba na futi ya kushonea ya Shangazi. Vipimo vilikuwa vilevile vya mwanzo. Futi hiyo imevutika kwa uzee.

Jambo moja dogo: usukani umekaa upande. Gari likienda moja kwa moja, nembo ya katikati inatazama dirishani. Nimezoea kabla ya kufika nyumbani. Konokono sijamwambia, hakuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Ajabu. Gari linakata! Nagusa tu, pua imeshaingia. Nimezunguka mtaa mara kumi na moja nikichekacheka peke yangu. Nimekata kushoto, kulia, nimekata hata mahali pasipo na kona.

Mengine ya leo hayana maana. Shangazi alitaka unga wa keki ya harusi, na magunia yake manne yanakaa kwenye buti tangu mwezi uliopita kwa sababu stoo inavuja. Konokono kayatoa yote asubuhi, kayapanga kwenye ujia, anahema. Nilimtazama nikinywa chai. Kila mtu na kipaji chake.

Ijumaa, 7 Machi

Nilianza mimi. Kona ya kwanza gari lilikata kabla sijamaliza kuamua, na nusu ya maji ikahamia mapajani mwa Shangazi. Alifuta miwani.

Akaja Konokono, mimi nikahamia kiti cha nyuma. Kaona usukani umekaa upande, naye ni mtu wa usafi, akaunyoosha. Tukapanda ukingo wa barabara, tukazimika mlangoni kwa kinyozi. Nusu iliyobaki nayo ikahama. Shangazi akashuka anachuruzika, akauliza nani kaugusa usukani. Konokono akanitazama. Mimi nikamtazama kinyozi. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa aproni.

Mzee Spana aliitwa, akalala chini ya gari dakika mbili, akatoka akicheka. Eti chuma kimoja nimekirefusha, kingine nimekifupisha kiasi kilekile. Miguu inatazama palepale ilipotazama siku zote, nimepindisha usukani tu. Nikamuuliza basi kona zilipona kwa nini. Akaniuliza kwenye buti mlikuwa na nini. Nikamwambia. Akasema kilo mia mbili za unga zikikaa nyuma, pua inakuwa nyepesi, matairi ya mbele hayaishiki barabara. Akaunyoosha usukani, akaenda zake, bado anacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Keki imekwenda kwa toroli. Ukumbi kumbe uko mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Konokono anasukuma, mimi mbele nimelishika pua naongoza, Shangazi nyuma yetu na mwiko. Imefika nzima, ghorofa zote. Hakuna aliyesifu uongozaji wangu.

Jumapili, 9 Machi

Ujia haupitiki, kwa hiyo nimeamriwa kuyarudisha magunia kwenye buti. Matatu na nusu, peke yangu. Konokono alikuwa anakunywa chai.

Kisha Shangazi akaendesha mwenyewe, mimi pembeni nimepakata trei ya mayai ambayo nitayapiga kesho. Kona ya kwanza nikasikia. Linawaza tena.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Alhamisi, tairodi zangu zilipokuwa mahali pake, gari lilikata. Ijumaa Mzee Spana akazichezea. Leo limelala. Hata mtoto anaona nani kaharibu. Halafu mtu mzima anasingizia unga, kitu cha kupikia.

Futi iko chini ya godoro langu. Na lile toroli, nililisikia jana mikononi. Nalo linawaza.