Gunzi Kwenye Bomba la Gari la Ndugu Yangu

Ningekataa juzi Alhamisi, leo nisingeumbuka. Nawaandikia nyote wawili, rafiki zangu, wewe wa Kutus na wewe wa Kenol, jua likiwa bado halijatua, kwa sababu leo ni siku ya soko Karatina na habari hii itawafikia kabla ya barua. Afadhali muwe na yangu pia ya kulinganisha. Akina mama wa soko wataongeza chumvi. (Haikuhitaji.)

Mnamkumbuka mdogo wangu Wanjohi, mlimzika pamoja nami. Mnalikumbuka na gari lake jeusi, alilonunua mwaka wa uhuru kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Tangu afe, gari limekaa bandani chini ya turubai. Alipokuwa kitandani alinishika mkono akasema siku mwanawe Muriithi atakapotaka kuoa, nimsemee mimi kwa wakwe, kwa kuwa yeye hatakuwepo. Nikamwambia nitamsemea. Hakuniomba kitu kingine.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Alhamisi Muriithi, ambaye sasa ni mwalimu na ana ndevu kunishinda, alikuja kuniomba twende kwa wakwe na gari la baba yake badala ya kukodi. Alisema ingekuwa kama baba yake ametusindikiza. Nilijua gari linavuja moshi. Ukiliwasha lilinguruma kama mashine ya kusaga posho, na moshi ulipanda kupitia sakafu mpaka abiria wakatoka machozi. Ilifaa niseme hapana. Au niseme lipelekwe kwa fundi. Nikasema, "Niachie mimi."

(Mtu aliyesoma fizikia miaka miwili asipewe spana.)

Jana asubuhi nikalala chini ya gari. Kutafuta tundu la bomba la moshi si kazi ngumu. Unaziba bomba kule mwisho, moshi unakosa njia, unatokea palipotoboka. Nilichonga gunzi la mahindi, nikalizungushia kitambaa, nikalisukuma ndani kabisa. Kisha nikamwomba mama yake Muriithi, shemeji yangu Nyambura, awashe. Moshi ukafyatuka katikati ya bomba, penye tundu la kuingia kidole. Nilikata kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia, nikapaka udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majivu, nikafunika tundu, nikakaza kwa waya. Nyambura akawasha tena. Hakuna moshi, hakuna mngurumo.

Nikatoka chini nimejaa udongo mpaka masikioni, nikaita majirani waje wasikie. Walisimama, wakasikiliza, wakakubali kwamba gari liko kimya kweli. Bila shaka lilikuwa kimya. Lilikuwa limezimika.

Nikasema ni baridi ya Nyeri, nikaenda kuoga. Gunzi nililiacha humo humo.

Leo asubuhi gari liliwaka baada ya kubembelezwa sana. Nadhani kitambaa kilikuwa kimeungua kidogo, moshi ukapata upenyo wa kupumulia. Nilivaa koti langu la kanisani. Nyuma alikaa Nyambura, amepakata kibuyu cha muratina. (Sisi ni watu wa kanisa, lakini mnajua pombe ile si ya kulewa. Msichana huionja kwanza kuonyesha amekubali, ndipo baba yake naye anywe. Bila hiyo hakuna mazungumzo.) Kando yake alikaa Muriithi. Mbele, pamoja nami, alikaa jirani yetu Ngatia, aliyekuja kuwa mdomo wa pili, endapo wa kwanza ungekauka.

Gari halikuwa na nguvu. Kila mlima tuliupanda kwa gia ya kwanza, nami nikikanyaga mafuta mpaka mguu unatetemeka. Ngatia alivumilia hadi tulipopita Karatina.

"Mzee Gachanja," akasema, "yule mama aliyebeba kabichi ametupita tena kwa miguu. Na mara hii amesimama kwanza kusalimia watu."

Nikamjibu kwamba kwa wakwe haiendwi mbio.

Tulifika. Boma liko juu ya kilima, na langoni akina mama wa upande wa msichana walikuwa wamejipanga wakiimba, wametuzuia kama ilivyo desturi. Hapo hapo gari likazima. Walidhani nimelizima kwa heshima, wakanisifu katika wimbo. Nikainamisha kichwa kukubali sifa. (Naandika yote, sifichi.) Tuliimba nasi, tukafunguliwa, na Nyambura akamkabidhi shangazi wa msichana kile kibuyu.

Lakini gari lilikuwa limeziba njia. Tukaamua kuligeuza litazame bonde, lisukumwe, liwake likiteremka. Ngatia na wengine wakashika nyuma. Mimi ndani nikakanyaga mafuta, nikakanyaga, nikakanyaga, nikaachia klachi.

Mlio ule ulisikika mpaka sokoni, nadhani. Gunzi lilitoka kama risasi. Lilipita katikati ya miguu ya Ngatia, ambaye suruali yake haitarudi tena kuwa ya kijivu, likaruka hadi langoni, likapiga kibuyu mikononi mwa shangazi. Kibuyu kikapasuka. Muratina yote ikamwagikia viatu vyake, kabla mtu yeyote hajaionja.

Wimbo ukakatika.

Nilishuka. Baba wa msichana, Mzee Kabui, alikuwa amevua kofia na anatazama ule unyevu kwenye mchanga. Akauliza gari ni la nani. Mtu mmoja akamjibu kwamba ni la marehemu, baba wa kijana.

Ajuza mmoja akasema, bila kupaza sauti, "Basi mwenyewe amekataa."

Na watu wakaanza kurudi nyuma, hatua moja moja. Nilimwona msichana mlangoni mwa jikoni, ameshika shingo yake. Nyambura alikuwa amejiinamia. Muriithi hakuwa anatazama kibuyu wala gari. Alikuwa ananitazama mimi.

Hapa nakiri kitu. Nilinyamaza. Hakuna aliyejua kile kitu cheusi kinachofuka moshi kwenye majani ni nini. Ningeweza kukaa kimya, nikarudi nyumbani na koti langu safi, na lawama angebeba ndugu yangu, ambaye hawezi kujitetea. Nilinyamaza muda wa kutosha mtu kuvaa kiatu na kukifunga. Kisha nikaenda nikaliokota. Likaniunguza vidole, nikalirusha mkono huu na mkono huu mbele ya wazee wote.

"Ni gunzi," nikasema. "Nililitia mimi kwenye bomba jana, nikitafuta panapovuja. Nikalisahau."

Mzee Kabui alinikazia macho. "Kwa hiyo marehemu hajasema kitu?"

"Hajasema kitu, mzee. Ni mimi."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule ajuza. Halafu shangazi mwenye viatu vilivyolowa. Halafu boma zima, hadi wapishi wakatoka na miiko wakiuliza kuna nini, na wote wakaonyeshwa gunzi. Sikuwahi kuchekwa na watu wengi hivyo tangu nizaliwe. Lakini waliokuwa wamerudi nyuma walisogea tena.

Mzee Kabui naye alicheka, akapangusa macho, akavaa kofia. Akasema pombe nyingine ingeletwa kutoka kwa jirani. Kisha akanishika bega, kwa upole kabisa.

"Lakini wewe leo utapumzika. Aliyemwaga hawezi kuwa yeye anayeomba tupokee."

Sikubishana. Hata mimi ningeamua hivyo.

Kwa hiyo Ngatia aliingia ndani na suruali yake nyeusi, nami nikapewa kiti nje, kando ya ghala la mahindi (palipojaa magunzi, wakwe wana utani). Nilisikia kila neno kupitia dirishani. Alisema vizuri. Alisema "mtoto wetu". Alisema Wanjohi alikuwa mtu mkimya, na Wanjohi hakunyamaza hata siku moja maishani mwake, lakini sikuwa mle ndani kumrekebisha.

Baadaye Muriithi aliniletea sahani ya nyama yeye mwenyewe. "Baba mkubwa," akasema, "wamekubali." Akakaa nami mpaka nikamaliza.

Mkisikia mengine sokoni, chekeni, hata mimi nitacheka mwaka ujao. Lakini ndugu yangu aliniomba jambo moja tu kabla hajafa, na leo limefanywa na Ngatia.