Siku Saba za Kumtafuta Rafiki Kimya Kimya

Jumatano, 4 Machi
Nimefika! Nyapara amesimamisha kazi wiki nzima, saruji imechelewa. Wenzangu wamekwenda kwa jamaa zao. Jamaa zangu mimi wako mwendo wa siku mbili kwa basi. Mwaka na nusu nasuka nondo katika mji huu, na hakuna anayeniita ila "wewe wa nondo". Ndipo nikaona tangazo ukutani: kituo cha Wabuddha, njoo ukae nasi siku saba, kitanda na chakula bure. Kukaa nasi! Watu arobaini! Nimeapa sitoki hapa bila rafiki. Mmoja tu anatosha.

Jioni. Balaa. Msimamizi, mama mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, amekusanya simu na kutangaza kimya mpaka Jumanne. Hata salamu hakuna. Nikamuuliza kama anatania. Akasema, "Imeandikwa pale chini ya tangazo, baba." Mimi chini sikufika. Kuandika pia ni marufuku. Naandikia chooni.

Alhamisi, 5 Machi
Kengele saa kumi alfajiri! Tumekalia mito, miguu tumeikunja, mbele ya sanamu ya Buddha anayetabasamu kama mtu aliyekwisha kula. Mwalimu ni mtawa mzee, kipara kinang'aa. Anafundisha kusikiliza pumzi ikiingia na kutoka puani. Basi, ndiyo kazi yenyewe. Akili ikitoroka, uirudishe bila kuikemea. Yangu ilitoroka hadi nyumbani, ikakaa jikoni kwa mama watoto, ikagoma kurudi.

Jirani yangu wa mto amenyooka mgongo, hatikisiki. Nimempa jina Mnara. Ndiye atakuwa rafiki yangu. Mwenyewe hajaambiwa.

Ijumaa, 6 Machi
Mbu alitua shingoni mwa Mnara. Mnara kimya, anatafakari. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikampiga mbu kofi la kirafiki, nikasema, "Pole, kaka." Ukumbi mzima ukageuka. Nimeua kiumbe, nimemgusa mtu, nimevunja kimya, yote kabla ya uji. Mnara amesogeza mto wake mbali nami, kiasi cha hatua moja.

Jumamosi, 7 Machi
Kumbe kila mtu ana dakika tano za kuongea na mwalimu! Nilijiandaa tangu asubuhi. Akauliza pumzi yangu inaendeleaje. Nikamweleza mguu wa mama unavyovimba, mwanangu wa pili alivyogoma shule, na paa nililoliacha nusu. Kengele ikalia. Akasema taratibu, "Nimekuuliza pumzi, ndugu yangu, umenijibu paa." Lakini aliniita ndugu yangu. Nimekwenda kulirudia neno hilo bafuni, peke yangu, mara kadhaa.

Jumapili, 8 Machi
Mpango mpya. Kanuni inaruhusu kuongea na msimamizi kitu kikiharibika. Nikalegeza bomba la bafuni. Maji yakaruka hadi darini, zaidi ya nilivyokusudia. Nikamkimbilia msimamizi, nikamweleza kwa urefu na mapana. Akaniacha katikati ya maelezo, akarudi na nani? Mnara! Ni fundi bomba!

Nilimshikia ndoo. Alinyoosha mkono bila kutazama, nami nikajua anataka spana, nikampa. Akanyoosha tena, nikampa uzi wa kufungia. Robo saa nzima hivyo, hakuna aliyesema neno. Mwisho akanigonga bega kwa ngumi yenye maji. Niliporudi ukumbini macho yalinichoma. Labda sabuni.

Jumatatu, 9 Machi
Leo tumefundishwa kuwatakia watu heri moyoni: kwanza nafsi yako, kisha umpendaye, kisha usiyemjua, mwishowe adui yako. Nilianza na Mnara na kumaliza na Mnara. Nyapara hakupata kitu.

Jumanne, 10 Machi
Kimya kimefunguliwa! Mnara alinifuata mwenyewe, mkono mbele, akasema, "Haya, mshika ndoo! Tuongee sasa!" Nikaongea. Nondo, mama, paa, mtoto, ile siku niliyoanguka kutoka jukwaa la ujenzi, kila kitu. Nikakiri kwamba bomba nililegeza mimi. Akacheka hadi akashika ukuta. Mara tatu alifungua mdomo, mara tatu nikamwambia, "Subiri kwanza, kaka, hapa ndipo patamu." Gari likaja kuwachukua wanaokaa upande wa kwake. Akapanda huku anacheka bado, akapunga mkono. Nami nikapunga hadi vumbi likatua.

Sasa niko chumbani kwangu, juu ya kitanda. Simu nimerudishiwa. Nimeishika nimpigie Mnara, tuendelee. Namba sina. Anakoishi sijui. Jina sikuuliza.

Kosa nimeliona. Niliongea polepole mno. Ningeongeza mwendo kidogo tu, ningefika kwenye jina lake.