Kuhusu Tuzo Mliyokipa Kifo Changu

San Jose, California
Jumatatu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jopo la Majaji,
Tamasha la Filamu za Waasia wa Ughaibuni.

Amani ya Bwana iwe nawe na majaji wenzako wawili. Mimi ni Lua Doan, mke wa Khoi na mama wa Quyen, yule binti mliyempa Tuzo ya Ukweli kwa filamu yake ya "Ganda la Balungi". Yule mama anayekufa mwishoni, ukumbi mzima ukalia, ndiye mimi. Nakuandikia nikiwa mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto.

Sikusoma sana, kwa hiyo utanivumilia. Padri Thuan amenishauri nipange malalamiko yangu kwa namba, maana anasema nikianza kuongea huwa sifiki niendako.

1. Sijafa. Hili nimelitanguliza kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Mwishoni mwa filamu picha yangu imesimamishwa kwenye altare ya nyumbani, na mbele yake udi unafuka. Kwetu Wavietnamu, hata sisi Wakatoliki, picha ya mtu mbele ya udi haina maana mbili. Quyen alipoiomba alisema, "Ma, ni pambo tu." Nikampa ile ya siku niliyostaafu, maana nywele zilikaa vizuri. Basi dada yetu Hanh wa kwaya, ambaye filamu aliiona lakini mimi alikuwa hajaniona wiki ile, akapeleka nia ya misa. Jumapili jina langu likasomwa kati ya marehemu, nami nimesimama safu ya pili na kitabu changu cha nyimbo. Kwa heshima ya ibada nikaitikia na wenzangu, "Na mwanga wa milele umwangazie." Hanh aliposikia sauti yangu nyuma yake alikaa chini bila kuangalia kama kuna benchi.

2. Ukimya. Katika filamu nzima sisemi neno. Tamko lenu mlilosoma jukwaani lilisifu "ujasiri wa ukimya wa kizazi kizima". Bwana Mwenyekiti, nimeendesha basi la shule tangu Quyen akiwa mdogo mpaka nilipostaafu, na watoto waliniita Redio. Siku ya kupiga filamu Quyen aliniambia, "Ma, usiseme kitu, sauti tutaiweka baadaye." Sauti haikuwekwa. Mume wangu aliposikia tamko lenu alicheka mpaka akatoka nje. Akasema, "Lua kunyamaza? Hiyo si filamu, hiyo ni muujiza. Waipeleke Roma."

3. Kazi. Nilikalishwa mbele ya cherehani, chini ya taa hafifu, kana kwamba nimelea mtoto kwa kushona mashati ya watu. Mimi hata kifungo sijui. Nyumbani kwetu anayeshona ni Khoi. Nikamuuliza binti yangu, "Mwanangu, basi langu la manjano limekosa nini?" Akanijibu, "Ma, majaji hawalilii basi." Nami nakuuliza wewe kwa heshima: ni kweli?

4. Vipimo vyenu. Nilizitazama filamu zote, Ijumaa hadi Jumapili, wali wangu kwenye mkoba. Kila iliyoshinda ilikuwa na mvua dirishani, mgongo wa mama, tunda lililomenywa na kusukumwa mezani bila neno, na mzee anayefariki kabla hajaambiwa jambo. Filamu fupi bora ilikuwa na tufaha. Iliyopewa tuzo ya upigaji picha ilikuwa na embe. Yetu ilikuwa na balungi, ambalo ni kubwa kuliko yote hayo, na nadhani ndipo mlipoamulia. Lakini filamu ya kijana Binh, ya wajomba wawili wanaogombea kipaza sauti cha karaoke harusini, ilichekesha ukumbi mpaka mama mmoja wa Kikorea nisiyemjua akaniegemea begani akifuta machozi. Hamkuipa kitu. Jaji mwenzako, yule dada wa skafu ya rangi ya chungwa, alieleza kwamba "haikugusa jeraha". Bwana Mwenyekiti, ugomvi ule ni wa kweli, na mimi nilikuwepo. Jeraha lilishonwa hospitali.

5. Rambirambi. Baada ya tuzo, dada huyo wa skafu alinikuta kwenye meza ya vitafunio. Akanishika mikono yote miwili akasema uso wangu unamkumbusha yule mama wa kwenye filamu, laiti naye angefungua kinywa hata mara moja. Nikamwambia, "Ndiye mimi." Akafumba macho. Akasema, "Ndiyo, dada yangu. Sote ndio yeye." Kisha akaenda kupigwa picha. Mtu anayetoa Tuzo ya Ukweli, ukweli umesimama mbele yake na kitafunio mkononi, anaupa pole.

6. Hili la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Tangu mumpe ile tuzo, Quyen hajaja nyumbani. Zamani kila Jumapili baada ya misa alikuwa mezani kwa supu ya tambi. Sasa anazunguka na filamu, mara Chicago, mara Vancouver, na kila jukwaani anasema maneno yaleyale. Mpwa wangu hunitumia video. Anasema, "Mama hakuwahi kuniambia anajivunia mimi." Watu wanalia, na mimi nipo, sufuria iko motoni. Kwetu mtoto husifiwa akiwa hayupo. Akiwepo anaulizwa kama amekula. Mimi nimemsifu binti huyu kwa Padri, kwa daktari wa meno mdomo ukiwa wazi, na kwa basi zima la watoto wa watu, asubuhi na mchana. Nilidhani habari husafiri.

Kwa hiyo naomba tuzo irudishwe. Mkimpokonya hatakuwa na pa kwenda kunililia, atarudi Jumapili, nami nitamwambia kwa mdomo wangu, kwa sentensi nzima, baba yake akiwa shahidi. Sentensi ninayo, nimeifanyia mazoezi jikoni. Ikiwa kanuni zenu haziruhusu, basi mtangaze mwakani kabla ya filamu ya kwanza kwamba mama wa Quyen yu hai na anaongea.

Nisalimie jaji wa tatu, ambaye nilimwona amelala filamu mbili na simlaumu. Msalimie dada wa skafu, na wale waliofagia ukumbi, na huyo mama wa Kikorea akipita huko tena. Nawaombea wote katika rozari, mkiwa hai.

Ni mimi, ambaye bado nipo,
Lua Doan

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Quyen ameingia. Hakupiga simu. Ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, na tuzo yenu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa sokoni. Ameiweka altareni kando ya Bikira Maria, palepale aliposimamisha picha yangu, akasema, "Ma, nimerudi." Sentensi yangu ilikuwa tayari, na Khoi alikuwa ameshazima televisheni ili awe shahidi. Nikamuuliza kama amekula. Kisha nikachukua kisu, nikamenya balungi, nikatoa utando na mbegu, nikamsukumia sahani. Amekula lote. Hakuna aliyesema kitu. Tuzo iacheni ilipo. Ila mwambie dada wa skafu kwamba kwenye filamu walifupisha kumenya: kwa kweli huchukua muda mrefu zaidi.